Kiwanda, Kiwanja na Korongo

Kiwanda na kiwanja vinatofautiana kwa herufi moja tu. Katika Bujumbura ya leo wapo wanaodhani kwamba hata ardhini tofauti yao ni ndogo vivyo hivyo: maghala yabomolewe, viwanda vihamishwe, eneo likatwe parseli, watu wajenge. Mimi sipingi viwanda kuhama. Ninachopinga ni ramani inayoanza na parseli na kumalizia na korongo, kana kwamba korongo ni kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi cherehani. Nasema haya nikiwa mkazi wa Kamenge, na nawaandikia hasa wanafunzi wenzangu, kwa sababu hoja hiyo naisikia zaidi chuoni kuliko sokoni.

Hoja yenyewe si ya kipuuzi. Mji wetu umebanwa: magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki milima ya Mumirwa inapanda ghafla. Ardhi tambarare ni chache. Eneo la viwanda liliwekwa karibu na bandari wakati mji ulikuwa mdogo, na leo limezungukwa na makazi. Kiwanda cha nguo cha COTEBU kiliwahi kufunga milango, lakini jina lake watu bado wanalitaja wakienda sokoni Ngagara. Kwa nini familia zibanane chumba kimoja huku ardhi nzuri ikikaliwa na mabati yenye kutu? Viwanda vipya vimetengewa eneo maalumu la kiuchumi la Warubondo, upande wa Gatumba. (Gatumba ile ile ambayo mwaka 2020 mto Rusizi uliifurika na kuwaacha maelfu ya watu bila makao. Hilo nalo lingestahili insha yake.)

Sasa tuje kwenye korongo. Mgeni akiliona Gasenyi wakati wa kiangazi hataamini kwamba lina nguvu yoyote. Mawe, mchanga, na uzi wa maji ambao mtoto anauruka. Lakini mito yetu inatoka kwenye miinuko mikali na kufika ziwani baada ya mwendo mfupi. Mvua ikinyesha huko juu, maji hayapati nafasi ya kupumzika. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 yalishuka yakiwa na matope na mawe, yakapiga Gatunguru, Kamenge, Kinama na Buterere. Zaidi ya watu 60 walikufa. Nyumba nyingi zilikuwa za matofali ya udongo mbichi na ziliyeyuka zikiwa na watu ndani. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ninakumbuka watu wakitafuta vitu vyao kwenye tope kwa siku kadhaa, na wengine wakihamia kwenye mahema.

Hebu tufanye hesabu ambayo haihitaji mhandisi. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye hekta moja huleta lita 500,000 za maji. Kwenye udongo wenye majani, sehemu ya maji hayo huzama. Kwenye bati na saruji karibu yote hukimbia. Mtaniambia kwamba hata ghala lina bati. Ni kweli, lakini viwanja vingi vya viwanda vina nyua pana za udongo na nyasi, ilhali mtu aliyenunua parseli kwa bei ya leo hujenga hadi ukutani, kisha uani akamwaga saruji ili asikanyage tope. Maji yake anayatoa kwa bomba hadi barabarani. Barabara inayapeleka wapi? Maji hufuata mkondo, na mkondo ni korongo.

Hata hivyo, maji si jambo linaloniudhi zaidi. Linaloniudhi zaidi ni mawe. Msingi wa nyumba unataka mawe, ukuta unataka mchanga, sakafu inataka kokoto. Katika mji huu vitu hivyo huchimbwa mtoni. Pita Ntahangwa asubuhi yoyote ya kiangazi uwaone vijana wakivunja mawe na kujaza malori. Kila jiwe linalotolewa chini ya ukingo huulegeza ukingo, na mvua ikija ukingo unaanguka na nyumba iliyo juu yake. Mugoboka na Nyakabiga wanalijua hili kwa macho yao. Kwa hiyo, anayesema tukate parseli mia kadhaa na wakati huo huo tulilinde korongo kwa bango la “Marufuku kuchimba”, anajenga mtaa mpya kwa mifupa ya korongo lile lile analodai kulilinda. Sijaona mpango hata mmoja uliochorwa na wenzangu darasani ukieleza mawe yatatoka wapi. Rangi za ramani zilikuwa nzuri sana.

Mwenzangu mmoja aliniambia: “Wewe unatetea shimo, mimi natetea watu.” Namwuliza, watu gani? Wa Buterere si watu? Wao wanapokea maji ya kila aliye juu yao, na hakuna anayewaita kwenye mkutano wa kugawa parseli za juu. Na vijana wanaochimba mchanga, je? Kuwafukuza kwa polisi ni kazi bure. Wana njaa, watarudi usiku. Kingo za Ntahangwa zilipoimarishwa kwa magabioni, yale makasha ya waya yanayojazwa mawe, ilihitajika mikono ya watu. Mikono hiyo hiyo inaweza kulipwa ili ijenge badala ya kubomoa, na mawe yaletwe kutoka machimbo yaliyopimwa, nje ya mito. Nyumba zitakuwa ghali kidogo. Afadhali aliye juu alipe ghali kidogo kuliko aliye chini kulipa kwa kila alichonacho.

Anayeona gharama hiyo ni kubwa aitazame Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi liliachwa likajaa nyumba, mafuriko ya Desemba 2011 yakaua watu zaidi ya 40, na sasa serikali inalipa fidia na kubomoa ili bonde lirudi kuwa bonde. Tanzania imepata mkopo wa kufanya hivyo. Sisi tutakopa kwa nani?

Sheria tunazo. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani, na mito nayo ina ukanda wake, ingawa mwembamba zaidi. Kinachokosekana ni mpangilio wa kazi. Korongo lipimwe kwanza, lote, kuanzia milimani hadi ziwani na si pale tu linapogusa uzio wa kiwanda. Ukanda wake upandwe mianzi na miti na uwe na njia ya kupita watu, kwa sababu ardhi inayoachwa tupu Bujumbura hupata mwenyewe usiku mmoja. Kila parseli iwe na shimo la kunywesha maji ya paa lake. Na parseli namba 1 ya eneo lolote la viwanda litakalogeuzwa makazi iandikwe kwa jina la tarafa kuwa ya mto, kabla namba 2 haijapewa mtu.