Saratani ya Damu Si Moja

Wagonjwa wawili wa lukemia kali wanaweza kulazwa wodi moja, wakatundikiwa dripu zilezile, kisha mmoja apone na mwingine afariki. Mara nyingi tofauti imo kwenye jeni.

Chukua lukemia ya promielositi, aina mojawapo ya lukemia kali. Kipande cha kromosomu ya 15 hubadilishana na cha 17, chembe changa za damu zikakwama bila kukomaa. Zamani iliua haraka, hasa kwa kuvuja damu ubongoni. Mwaka 1985, huko Shanghai, Dkt. Wang Zhenyi alimtibu mtoto wa miaka 5 kwa tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A. Akapona! Utafiti wa Italia na Ujerumani uliochapishwa 2013 uliichanganya dawa hiyo na aseniki, bila kemotherapi: baada ya miaka miwili, asilimia 97 ya watu wazima wasio katika hatari kubwa walikuwa hai na ugonjwa haujarudi.

Wagonjwa wa lukemia kali wenye jeni iitwayo TP53 iliyoharibika hawana bahati hiyo. Hata kemotherapi kali mara nyingi hushindwa.

Kwa hiyo kipimo cha jeni si anasa. Na daktari akishuku lukemia ya promielositi, tretinoini ianze siku hiyohiyo, majibu ya maabara yafuate, kwa kuwa vifo vingi vya ugonjwa huu hutokea siku za mwanzo.