Jeshi lisilokula: mchezo wa vita unawafundisha vijana uongo

Kijana anafungua kompyuta, anachagua ufalme wa Kongo, na mfalme Mvemba a Nzinga anatokea kwenye kioo. Ni mchezo wa Civilization VI, uliotoka mwaka 2016 katika kampuni ya Firaxis ya Marekani. Ni furaha kumwona mfalme wa Mbanza Kongo akikaa pamoja na wafalme wa Roma na wa Misri. Askari wake wa pekee wanaitwa Ngao Mbeba, na msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa neno ngao. Askari hao wanapita msituni kwa wepesi kuliko askari wa wengine. Mpaka hapo, waliotengeneza mchezo wanastahili pongezi.

Uongo unaanza pale kijana anapotaka adui mwenye nguvu zaidi. Mchezo una madaraja 8 ya ugumu. Kwenye daraja la 4, adui anayeongozwa na kompyuta hapewi zawadi yoyote. Kuanzia la 5 zawadi zinaanza, na zinaongezeka mpaka la 8, daraja lililopewa jina la uungu. Hapo mchezaji anaanza na kundi 1 la watu wa kujenga mji na kundi 1 la wapiganaji. Adui anaanza na makundi 3 ya watu wa kujenga mji na makundi 5 ya wapiganaji. Kazi ya miji yake na pesa za hazina yake zinaongezwa asilimia 80. Tena kila askari wake anapewa pointi 4 za nguvu juu ya zile za kawaida, kwa hiyo askari wawili wa aina moja wakikutana uwanjani, wa adui anapiga zaidi na anaumia kidogo.

Je, akili ya adui imeongezeka? Hapana. Kompyuta inaendelea kukosea kama ilivyokosea kwenye madaraja ya chini: inatuma askari mmoja mmoja mbele ya ukuta, inasahau kulinda mji wake. Imepewa watu zaidi tu. Ni kama wazee wawili wanaocheza dame chini ya muembe, halafu mmoja anawekewa mbegu tano za bure, watazamaji wanapiga makofi na kusema: huyu ni fundi. Huyo si fundi. Amebebwa.

Wako wanaotetea jambo hili. Wanasema kufundisha kompyuta akili ya vita ni kazi ngumu, na mashine za nyumbani hazina uwezo mkubwa. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1997 mashine ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, bila kupewa hata kete moja ya ziada, lakini ilikuwa mashine kubwa sana, na ubao wa sataranji una vyumba 64 tu. Dunia ya Civilization ni pana zaidi. Basi, kama akili imeshindikana, zawadi itolewe. Lakini isitolewe kwa jina la historia.

Kwa maana historia haijui jeshi la bure. Askari wa mchezaji wana bei: mji unawatengeneza kwa muda wa zamu nyingi, na wengi wao hazina inawalipia kila zamu. Wale wapiganaji wa zawadi wa adui wametoka wapi? Hakuna kijiji kilichowazaa, hakuna shamba lililowalisha, hakuna mama aliyelia walipoondoka. Wameanguka toka mbinguni kama mvua.

Familia zilizokimbia vita zinajua kwamba jeshi halianguki toka mbinguni. Askari anakula mihogo ya mtu. Anachukua mbuzi wa mtu. Mzigo wake unabebwa na kijana wa mtu. Jeshi likiongezeka, mahali fulani ghala limepungua, na mahali fulani watu wamefunga virago usiku. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya ukubwa wa jeshi, na hiyo ndiyo mchezo umeificha.

Ufalme ule ule wa Kongo unatosha kuwa ushahidi. Tarehe 29 Oktoba 1665, kwenye vita vya Mbwila, jeshi la Wareno wa Luanda na wenzao lilishinda na mfalme António wa Kwanza akauawa. Baada yake koo za kifalme zikagombania kiti kwa miaka zaidi ya 40. Mwaka 1678 Mbanza Kongo, mji mkuu uliokuwa na wakaaji maelfu na maelfu, ukaharibiwa na watu wake wakatawanyika. Ni hapo nguvu ya wafalme ilipovunjika: mji ukibaki magofu, mfalme anaita askari kutoka wapi? Mji ulianza kukaliwa tena chini ya Pedro wa Nne, mwaka 1709 ukiwa umekaribia. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Mbwila alikuwa sasa mtu wa makamo.

Kwenye mchezo, mji ukitekwa, hesabu ya wakaaji inashuka, basi. Walikwenda wapi? Hakuna barabara yenye mama na godoro kichwani, hakuna kambi, hakuna anayeuliza. Zamu inayofuata inaanza.

«Ni mchezo tu», wengine watajibu. Mchezo unaojiita wa ustaarabu, wenye jina la mfalme aliyeishi kweli, si mchezo tu. Kijana anayeukalia saa tano anatoka na somo kichwani. Somo la daraja la 8 ni hili: mwenye nguvu amepewa nguvu, usiulize na nani, jitahidi umshinde. Mahali ambapo watu wamezoea kuona makundi yenye silaha yakiongezeka bila maelezo, hilo ni somo baya. Swali la «nani anawalisha, nani anawalipa» ndilo swali la kwanza la raia, na mchezo unamzoeza kijana kulisahau.

Haiombwi kwamba vijana wazuiwe kucheza. Wacheze, wamshinde hata adui wa daraja la uungu, maana inawezekana. Kinachodaiwa ni kidogo: kila askari wa zawadi awe na kijiji alikotoka na chakula anachopunguza, na watu wa mji uliotekwa waonekane wakitembea mpaka mji mwingine na kubisha mlango. Watengenezaji waliweza kuchora misitu, mito na mavazi ya wafalme. Hawawezi kushindwa na hilo. Wakati wakisubiri, mzazi ao mwalimu aliye karibu na kijana amwulize swali moja kila jeshi jipya linapotokea kwenye kioo: hawa wamekula kwa nani?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyechora vita mezani hakuubeba. Waliobeba godoro barabarani wanajua uzito wake, na watoto wao wana haki ya kuambiwa ukweli hata wanapocheza.