Prosesa mpya bila programu ni jiwe tu

Msikilizaji, programu za simu yako hazikutengenezwa ndani ya simu. Zilijengwa kwenye kompyuta, mara nyingi yenye prosesa ya aina nyingine, kisha zikaletwa zikiwa tayari.

Debian, mfumo wa kompyuta wa bure ulioanzishwa mwaka 1993, hufanya hivyo kila inapokuja aina mpya ya prosesa. Prosesa hiyo haina programu hata moja, kwa hiyo za kwanza lazima zijengwe kwenye mashine nyingine.

Hapo ndipo kazi inapokwama. Ni kama fundi cherehani anayejipima mwenyewe badala ya mteja. Programu nyingine hujengwa kwa vipimo vya mashine inayojenga. Nyingine, ikiwa katikati ya kujengwa, hutaka kujaribiwa papo hapo, na inagoma kwa sababu prosesa siyo yake. Wanaojitolea hurekebisha moja moja, na zipo maelfu.

Inatuhusu nini? Agosti 2025 Debian 13 ilitoka, na kwa mara ya kwanza inaitambua rasmi RISC-V, aina ya prosesa ambayo kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza bila kulipia leseni ya muundo wake. Njia ya mashine nafuu imefunguka. Wanaoisafisha ni hao mafundi tusiowasikia.