Twiga wa Nubia Ana Kasri

Picha ile unaijua. Twiga ameingiza shingo dirishani, mezani kuna juisi na mayai, mtalii anacheka hadi jino la mwisho. Watu wanajaza emoji za moyo hapo chini. Nyumba yenyewe ni Giraffe Manor, iko Lang'ata, na chumba kimoja kwa usiku mmoja kinapita dola 1,000. Badilisha hizo kwa shilingi mwenyewe, mimi nimeshachoka.

Sina beef na twiga. Nina shida na hadithi inayouzwa pamoja na hiyo picha.

Hadithi inaenda hivi. Mwaka 1932 Sir David Duncan alijijengea kasri la mawe kwa mtindo wa nyumba za wawindaji wa Uskoti, kwenye ekari 150 zilizoteremka hadi mto Mbagathi. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville wakalinunua. Wakati huo twiga wa Rothschild waliobaki Kenya walikuwa kama 130, na makao yao yalikuwa ranchi moja karibu na Soy, upande wa Eldoret. Ranchi ile ilikuwa inagawanywa ili watu wasio na mashamba wapate pa kulima. Bibi na bwana wakamleta ndama mmoja wa kike, wakamwita Daisy, kisha wakaleta wengine. Mwaka 1983 kituo cha twiga kikafunguliwa hapo hapo, watoto wa shule wakawa wanaenda kujifunza. Twiga wakaongezeka. Kazi safi, sibishani.

Lakini irudie hadithi hiyo polepole uone nani amepewa jukumu gani. Mwenye kasri na ekari 150 ni mwokozi. Anayengoja ekari zake chache Soy ni hatari kwa wanyama. Ndama ana jina na kitabu kimeandikwa juu yake; yule mkulima hana jina popote. Hakuna anayeuliza ilikuwaje mtu mmoja mwaka 1932 akawa na ekari 150 za kupendezesha macho, na miaka 42 baadaye mwingine bado anatafuta pa kupanda mahindi. Kwenye hadithi za wanyama pori za nchi hii maskini huingia akiwa jangili, au mvamizi, au mbeba mizigo. Mwenye ardhi huingia akiwa mpenda mazingira.

Sasa hapa ndipo mambo yananoga. Jina Rothschild lilitolewa mwaka 1903, kwa heshima ya tajiri wa Uingereza aliyekuwa akikusanya wanyama kama sisi tunavyokusanya madeni. Kisha mwaka 2016 wanasayansi wakachapisha utafiti wa vinasaba wakasema huyu hana tofauti na twiga wa Nubia, yule anayejulikana tangu zamani huko Sudan na Ethiopia. Kwa hiyo siku hizi ukoo wa Daisy unaitwa twiga wa Nubia. Amebadilishiwa kabila kwa karatasi moja, na hakuna chifu aliyemwuliza babu yake alizaliwa wapi.

Kilomita chache kutoka kwenye kasri, kuna watu wenye jina hilo hilo la Nubia. Hao waliulizwa, na si mara moja.

Wanubi wa Kibera ni vizazi vya wanajeshi kutoka Sudan waliotumikia Waingereza katika King's African Rifles. Kuanzia mwanzoni mwa karne iliyopita walipewa nafasi ya kukaa msituni kusini-magharibi mwa mji, nao wakapaita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Hatimiliki hawakupewa. Uhuru ulipokuja, serikali mpya ikasema hiyo ni ardhi yake, na hao wazee wakageuka wapangaji wasio na mkataba kwenye makaburi ya baba zao. Kijana wa Kinubi akifika miaka 18 alikuwa anapigwa msasa mbele ya kamati kabla ya kupewa kipande, wakati mimi na wewe tulijaza fomu tu. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto ilisema wazi kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uraia wa uhakika. Hatimiliki ilikuja Juni 2017, miezi miwili kabla ya uchaguzi. Ilikuwa ya ekari 288.

Chuo niliacha, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Ekari 288 ni karibu kilomita 1.17 za mraba. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946 hapo jirani, ni kilomita 117 za mraba. Mara mia. Na hizo 288 si tupu, zimejaa wapangaji Waluo, Waluhya, Wakamba na wengine ambao hakuna aliyewapa karatasi yoyote, kwa hiyo hata ushindi wenyewe una deni ndani yake.

Utaniambia mbuga inaleta pesa, hoteli inaajiri watu. Ni kweli. Naishi Kawangware, ukivuka barabara uko Lavington, na kila asubuhi naona watu wanatembea kwa miguu kwenda kupanga bustani za wengine. Kazi si kidogo. Lakini mshahara wa kufagia uwanja si jibu la swali la uwanja ni wa nani.

Na usiniambie serikali haina uwezo wa upole. Februari 2016 simba walitoka mbugani wakaingia mitaani. KWS ilituma vikosi na madaktari wa mifugo kuwatafuta ili warudishwe nyumbani bila kuumizwa. Vizuri kabisa. Miaka miwili baadaye, Julai 23, 2018, matingatinga yaliingia Kibera alfajiri kupisha barabara ya kwenda Lang'ata. Maelfu walibaki nje, shule zikaanguka, na mpango wa kuwahamisha watu ulikuwa bado haujakamilika. Hakuna aliyekuja na daktari. Na mtandaoni, vijana wa rika letu, wengine wao wenye ile picha ya twiga kwenye ukurasa wao, waliandika kwamba hao ni wavamizi, wangojee nini tena?

Basi tuongee uvamizi vizuri. Toa 288 kwenye 4,197, zinabaki ekari 3,909. Hazikumezwa na ardhi. Juu ya ardhi ile ya zamani ya Kibra leo kuna Jamhuri, kuna Otiende, kuna Ngei, kuna Ayany, kuna nyumba zenye geti, walinzi na hatimiliki zilizotoka bila mtu kusubiri miaka 99. Nimepita mitaa hiyo mara nyingi, na sijawahi kusikia mtu akiwaita wakazi wake wavamizi.