Mke wa Nyumbani: Ni Kweli "Amekaa Tu"?

 

Ndugu Waislamu, miezi michache iliyopita tulihudhuria kikao cha suluhu baina ya mume na mke katika mmoja wa misikiti yetu ya hapa Geita. Mume alikuwa ametoka machimboni baada ya kukosekana nyumbani miezi minne. Alipoulizwa kwa nini hakutuma matumizi kwa muda wote huo, alijibu: "Masheikh, huyu hafanyi kazi yoyote. Amekaa tu nyumbani. Mimi ndiye ninayeingia shimoni." Wazee waliokuwepo, nasi tukiwa miongoni mwao, tulimlaumu kwa kutotuma matumizi. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyelikanusha neno lake la "amekaa tu". Tulilipitisha kana kwamba ni jambo linalojulikana na watu wote. Makala hii tunaiandika kwa sababu ya kunyamaza kwetu siku ile.

WIKI MOJA ILIYOTUFUNDISHA

Haukupita muda mrefu baada ya kikao hicho, mama wa watoto wetu alisafiri kwenda Kahama kumuuguza mzazi wake. Alifuatana na mtoto anayenyonya, akatuachia watoto watatu: wa kiume wa miaka kumi na mmoja, wa kike wa miaka tisa na mdogo wao wa miaka mitano. Tulijiambia kuwa wiki moja si kitu. Tumesoma miaka mingi ughaibuni, tukijipikia na kujifulia bwenini. Nyumba itatushinda nini?

Jumamosi, ambayo kwa hesabu ya Waswahili ndiyo siku ya kwanza ya juma, tulianza kufua. Sare za shule, mashuka, kanzu zetu na nguo za watoto zilijaza mabeseni matatu. Kumbe kufua huanza na maji. Bomba la mtaa wetu halikutoa maji siku hiyo, ikabidi tupange foleni ya madumu penginepo. Dumu moja la lita ishirini lina uzito wa kilo ishirini, nasi tulihitaji madumu saba kwa kufua, kupika, kuoga na kutawadha. Ilipoadhiniwa Adhuhuri tulikuwa hatujafika nusu ya nguo.

Jumapili ilikuwa siku ya sokoni na mashineni. Tulichambua mahindi, tukayapeleka kukobolewa, kisha kusagwa. Tulinunua dagaa, mchicha, nyanya, mkaa na sabuni. Tuliporudi tukatambua kuwa tumesahau chumvi na mafuta ya taa ya kuwashia mkaa. Fedha tulizozoea kuziacha asubuhi kwa ajili ya matumizi, huku tukiona tumeacha nyingi, zilikwisha kabla ya kupata kitoweo cha siku ya pili.

Jumatatu tuliamka saa kumi usiku. Mkaa ulikuwa umelowa mvua na uji ulichelewa. Watoto waliondoka na sare zisizonyooshwa, na mmoja alikwenda bila daftari. Siku hiyo pia maharage yaliungua, kwa sababu tuliyaacha jikoni tukaingia ndani kutayarisha somo la nahau.

Jumanne usiku yule mdogo alishikwa na homa. Tulikesha naye, na alfajiri tukampeleka zahanati kupimwa malaria. Tulikaa kwenye foleni hadi karibu na saa sita mchana. Katika foleni ile wanaume tulikuwa wawili, waliobaki wote wakiwa akina mama. Tuliporudi, vyombo vya jana vilikuwa vinatusubiri.

Jumatano tuligundua kosa letu jingine, nalo hatuoni haya kulitaja. Bila ya kukusudia tulikuwa tumeanza kumtwika mzigo wetu yule binti wa miaka tisa. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha vyombo, akifagia uwanja na kumwogesha mdogo wake, ilhali kaka yake aliyemzidi umri alikuwa akicheza mpira. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo. Mikono yetu ilielekea huko yenyewe.

Alhamisi walikuja wageni wawili kutoka Katoro. Ilikuwa ni desturi yetu kutoka na wageni msikitini baada ya Alasiri, kisha kubisha mlango na kusema, "Tuko watatu." Chakula kilikuwa kikipatikana, nasi tukipokea shukurani za ukarimu. Siku hiyo ndipo tulipojua ukarimu ule ulikuwa ni wa nani.

Ama Ijumaa, tuliivuta kanzu yetu nyeupe tukaikuta na madoa kolani, kwani tuliifua kwa haraka. Tukaifua tena, tukaisubiri ikauke, tukawasha pasi ya mkaa. Tulipofika msikitini khatibu alikuwa ameshapanda mimbari. Ni miaka mingapi tumesimama mbele ya watu tukiwahimiza kuwahi Ijumaa, wala hatukujiuliza ni nani anayetuwahisha!

Mama alirejea siku ya pili yake. Alilitazama sufuria lililoungua, akacheka kidogo, akauliza: "Haya Baba, mlikaaje?" Hatukuwa na jibu.

WANAZUONI WAMESEMAJE?

Ndugu msomaji, huenda ukasema kuwa hayo ni masimulizi ya nyumba moja, nasi tunataka hoja ya dini. Hilo ni sahihi, basi na turejee katika vitabu vyetu.

Wanazuoni wamehitilafiana iwapo kazi za nyumbani ni wajibu wa mke kisheria. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea zaidi katika Afrika ya Mashariki, na wale wa Hanbali, wameona kuwa kupika, kusaga na kufua si wajibu unaoletwa na kifungo cha ndoa. Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria) ameeleza hayo katika al-Mughni, akaongeza kuwa lililo bora ni mke kufanya yale yaliyozoeleka. Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), alipoisherehesha Hadithi ya Bi Asma bint Abi Bakr (r.a.) katika Sahih Muslim, alibainisha kuwa kazi hizo mwanamke huzifanya kwa kujitolea na kwa wema wake. Katika Minhaj, kitabu kinachosomwa katika madrasa zetu, Imam huyo huyo ametaja kuwa mume anayetoa nafaka kwa ajili ya chakula cha mke huwajibika pia na gharama ya kusagwa na kuokwa kwake. Kwa hiyo yule anayeshusha gunia la mahindi uwanjani na kuondoka kwenda zake, akidhani amemaliza, bado anadaiwa fedha ya mashine.

Upande wa pili, Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim (r.h.) waliona kuwa kuihudumia nyumba ni wajibu wa mke kwa mujibu wa ada iliyozoeleka. Katika Zad al-Ma'ad, Ibn al-Qayyim ametoa hoja kwa hali ya Bi Fatma na Bi Asma (r.a.), kwamba walikuwa wakifanya kazi hizo na Mtume (s.a.w.) akiona, wala hakuwaambia waume zao kuwa hawana haki hiyo.

Hatuandiki ili kuhukumu baina ya maimamu. Tunataka msomaji aitazame natija. Ukishika kauli ya kwanza, basi ugali unaokula kila siku ni hisani ya mkeo, na hisani malipo yake ni shukurani. Ukishika kauli ya pili, basi mkeo anatekeleza wajibu mzito kwa mujibu wa ada, na ada hiyo hiyo inakubana wewe kwa matumizi, mavazi na kuishi naye kwa wema. Hakuna kauli ya tatu inayosema kuwa mke wa nyumbani hafanyi kazi na anakula bure. Kauli hiyo haimo katika al-Mughni wala katika Zad al-Ma'ad. Tumeiokota vijiweni.

NYUMBA ZA WATU BORA

Bi Fatma (r.a.), binti wa Mtume (s.a.w.), alipata alama mikononi kwa kuzungusha jiwe la kusagia. Alikwenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume (s.a.w.) aliwaendea yeye na Ali (r.a.) usiku, akawafundisha kumsabihi Allah mara 33, kumhimidi mara 33 na kuleta takbira mara 34 kabla ya kulala, akawaeleza kuwa hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Wengi wetu tunaujua uradi huo. Tunasahau kuwa mlango wake ulikuwa ni uchovu wa mwanamke nyumbani, na kwamba Mtume (s.a.w.) hakuudharau uchovu huo, bali alitoka usiku kwa ajili yake.

Bi Asma (r.a.) alikuwa akimlisha farasi wa mumewe Zubeir (r.a.), akiteka maji na kubeba kokwa za tende kichwani kwa masafa ya theluthi mbili za farsakh, yaani zaidi ya kilomita tatu. Alikuwa hajui kuoka mkate vizuri, majirani zake wanawake wa Kiansari wakimwokea, naye akawasifu kwa ukweli wao. Baba yake alipompelekea mtumishi wa kumwangalia farasi, alijiona kana kwamba ameachwa huru. Basi mke anayelalamika kuchoka si mvivu wala si mkosefu wa adabu.

Naye Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa na al-Aswad ni nini alichokuwa akikifanya Mtume (s.a.w.) nyumbani, alimjulisha kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Haya yamo katika Sahih al-Bukhari. Tunafuga ndevu na kupandisha nguo kwa kumfuata Mtume (s.a.w.), na hilo ni jema. Kwa nini sunna hii ya jikoni na ya kushona kiatu tumewaachia wengine?

MIZANI YA GEITA

Mji wetu unajua kupima. Tangu mwaka 2019 tuna soko la madini ambako kila gramu ya dhahabu huwekwa kwenye mizani na kuandikwa. Aliyeshika moko katika duara, aliyebeba mawe na mwenye karasha, kila mmoja hujua fungu lake. Lakini aliyempikia mchimbaji na kumlelea watoto wakati yeye anafuata rushi Nyarugusu, Lwamgasa hadi Chunya, huyo hatumwekei mizani yoyote.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ingawa mdai mwenyewe hakupata mgawo alioudai. Suala la kugawa mali baada ya talaka lina maneno yake katika fiqhi, nalo si la makala hii. Linalotutia haya ni kuwa mahakama ya serikali iliitambua kazi hiyo, nasi wenye Minhaj mikononi tukanyamaza katika kikao cha msikitini.

Atakuwepo atakayesema: mkiwaeleza wanawake kuwa si wajibu wao, watatupa mwiko. Tunamjibu kuwa elimu haifichwi kwa kuogopa mwiko, na mke anayeshukuriwa ndiye anayezidisha wema. Mwingine atasema kuwa shimoni ni kugumu zaidi. Ni kweli, na tumewazika ndugu zetu waliofukiwa na vifusi. Lakini taabu ya mume haifuti taabu ya mke. Katika Aali Imran aya ya 195 Allah ameahidi kuwa hapotezi amali ya mtendaji yeyote, mwanamume au mwanamke.

NASAHA

Kwanza, mwenye kusafiri kwenda machimboni aache matumizi kabla ya kuondoka, yakiwemo ya mashine, mkaa, maji, sabuni na matibabu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa yamtosha mtu dhambi kuwanyima chakula wale anaowalisha.

Pili, watoto wa kiume wafundishwe kuteka maji, kuosha vyombo na kufua. Nyumbani kwetu tumeshaanza, na zamu imeandikwa ukutani.

Tatu, mume akileta wageni atoe taarifa, na akiwa nyumbani ashike kazi moja iwe yake.

Nne, nasi waalimu tujirekebishe. Darsa la akina mama tumeliweka saa kumi na nusu alasiri, wakati wa kuteka maji na kuwasha jiko, kisha tunawalaumu kuwa hawapendi elimu. Tuwaulize wao saa inayowafaa.

Tano, katika vikao vya suluhu, neno "amekaa tu" lisipite tena bila ya kujibiwa. Yule ndugu wa miezi minne tulimfuata baadaye tukamweleza haya. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza deni lake la matumizi linafika kiasi gani. Tulikaa naye tukalihesabu.

Tunamwomba Allah atengeneze nyumba zetu, awalipe wake zetu kwa yale tusiyoyaona, na atujaalie kuwa wenye kushukuru. Amin.