NYUMBA NA JAMAA: Programu Inapokwama Katikati ya Njia

Jioni moja katika nyumba ya askari kambini, mtoto aongeza programu mpya katika kompyuta ya jamaa. Kazi haijafika mwisho, umeme wazimika. Taa zirudipo, kompyuta yawaka vizuri, lakini kila programu mpya yakataliwa. Baba adhani mashine imekufa. Mama ahofia hesabu za duka lake. Jirani ashauri kwamba vyote vifutwe na mashine ianzishwe upya. Ushauri huo ndio wenye hatari, kwani hapo hesabu zingepotea kweli.

Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Ufini. Mifumo ya jamii ya Debian, pamoja na Ubuntu, hupokea programu katika vifurushi. Kompyuta huweka daftari la kila kifurushi, kama mtunza ghala wa kikosi aandikavyo vitu anavyopokea. Umeme ukizimika, daftari hubaki na kazi iliyoandikwa nusu, na mtunza ghala mwaminifu hakubali mzigo mpya kabla ya kumaliza ule wa kwanza. Kukataa huko si ugonjwa bali ni ulinzi.

Kwanza, nakala ya hesabu za duka na ya masomo ya watoto iwekwe katika flashi.

Pili, ujumbe wa kompyuta usomwe mpaka mwisho. Ukiwa na neno "lock", maana yake daftari limeshikwa na kazi nyingine. Mara nyingi kompyuta yenyewe inajiongezea marekebisho ya usalama baada ya kuwashwa. Dawa yake ni kungoja. Wako wanaofundisha kufuta faili la kufuli. Hilo ni sawa na kuwaachia makarani wawili waandike ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, na daftari huharibika.

Tatu, ifunguliwe sehemu ya kuandikia amri, iitwayo Terminal, na iandikwe hivi:

sudo dpkg --configure -a

Neno "sudo" huomba idhini ya mkubwa wa mashine, kwa hiyo neno la siri litatakiwa. Herufi zake hazionekani zinapoandikwa; mwandikaji asishtuke. Amri hii humaliza kazi iliyoachwa nusu. Kisha hufuata:

sudo apt --fix-broken install

Hii huleta vifurushi vilivyokosekana ambavyo vingine hutegemea. Ikionyesha orodha yenye neno "REMOVED", hivyo ndivyo vifurushi itakavyoviondoa. Hapana budi orodha hiyo isomwe kwa makini kabla ya kukubali. Mwisho huandikwa:

sudo apt update

Hapo kompyuta hupata orodha mpya ya ghala, ndipo programu iingizwe tena.

Ikiwa kompyuta ingali yakataa, yatazamwe mambo mawili. Amri "df -h" huonyesha nafasi iliyobaki. Diski ikiwa imejaa, "sudo apt clean" hufuta vifurushi vilivyopakuliwa na kuhifadhiwa, bila kuondoa programu wala faili za jamaa. Tena itazamwe tarehe. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ya saa imekwisha yaweza kuamka ikiwa nyuma miaka mingi. Orodha ya ghala huonekana kwake kuwa ya siku zisizofika bado, nayo huikataa. Mara nyingi kusahihisha saa kwatosha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa kwa dakika chache na mtu asiye fundi, mradi asome kwanza kabla ya kutenda. Anayekimbilia kufuta huvunja nyumba nzima kwa ajili ya mlango uliokwama, na hesabu za mwaka mzima hazirudi.