Tangi la Samaki Miezi ya Joto
Joto la Shinyanga na Geita hukolea Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika, na tangi la samaki lililo chini ya bati hupata moto upesi. Kinachoua hasa ni uhaba wa hewa: kwenye usawa wa bahari, lita ya maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, ya nyuzi 30 hubeba 7.5, na kwenye mwinuko wa Shinyanga, zaidi ya mita 1,100, hupungua tena. Samaki akipanda juu kutweta, chakula kipunguzwe, feni ipulize uso wa maji, mfuniko ubadilishwe kwa wavu (sato huruka). Umeme ukikatika, chupa ya barafu iliyofungwa ikielea tangini hufaa, moja moja, kwani kupoza ghafla hudhuru vilevile.